Mama Mzazi Kulala Sakafuni: Kwa Nini Vitanda Peke Yake Havikutosha

Tarehe 9 Novemba, 2015, siku 4 baada ya kuapishwa, Rais wa Serikali ya Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, alifika bila taarifa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Alikuta baadhi ya wagonjwa wamelala sakafuni, na mashine za uchunguzi za MRI na CT Scan hazifanyi kazi. Bodi ya hospitali ilivunjwa. Siku chache baadaye, wakati wa ufunguzi wa Bunge la 11 jijini Dodoma, aliagiza fedha zilizochangwa kwa ajili ya hafla ya wabunge zitumike kununua vitanda vya wagonjwa. Vitanda 300 pamoja na magodoro yake vilipelekwa Muhimbili.

Tukio hilo linakumbukwa na wananchi wengi. Lililofuata miezi 3 baadaye halikumbukwi sana, ingawa lina fundisho kubwa zaidi. Februari 2016, Rais alirejea Muhimbili na safari hii akafika katika wodi ya wazazi. Pamoja na vitanda vipya vilivyokwisha kupokelewa, bado aliwakuta akina mama wakilala chini. Aliagiza jengo lililokuwa likitumiwa na ofisi za Wizara ya Afya ndani ya eneo la hospitali liachwe wazi ili ligeuzwe kuwa wodi ya wazazi.

Maagizo hayo 2 yanaibua swali ambalo kila mwananchi anayefuatilia taarifa za sekta ya afya anastahili kulipatia jibu. Iwapo vitanda vilinunuliwa, kwa nini sakafu haikuwa tupu? Jibu lake linaeleza sehemu kubwa ya mageuzi yaliyofanyika katika huduma za uzazi nchini tangu wakati huo. Linaeleza pia kwa nini kazi hiyo haijakwisha.

Si sakafu ya nyumbani

Kulala chini si jambo geni wala la aibu katika jamii za Kitanzania. Mkeka, jamvi na ngozi vimekuwa malazi ya watu wenye heshima zao kwa vizazi vingi, na hadi leo wageni wanapozidi nyumbani wakati wa msiba au harusi, watu hutandika chini na usiku ukapita salama. Kwa sababu hiyo, wapo wanaodhani kwamba malalamiko ya kulala sakafuni hospitalini ni suala la starehe. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ndivyo ilivyo pia kwa sakafu ya wodi: anayeijua ni aliyelala juu yake akiwa ametoka kujifungua.

Saa 24 za kwanza baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa zaidi kwa uhai wa mama. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya uzazi, na hali hiyo huweza kumzidi mwanamke kwa muda mfupi sana. Muuguzi anayepita kati ya vitanda huona shuka lililolowa, hupapasa tumbo kujua kama mji wa mimba umejikaza, na hupima mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Mama aliyelala chini kati ya vitanda 2, amejifunika khanga gubigubi, hupatikana kwa shida. Ili kumpima, muuguzi hulazimika kupiga magoti mahali penye mwanga hafifu, na usiku wenye wazazi wengi ndiye anayeweza kurukwa.

Mtoto mchanga naye ana hesabu yake. Mwili wake hupoteza joto haraka, na sakafu ya saruji au vigae hunyonya joto hilo kwa kasi kuliko godoro. Kwa mtoto aliyezaliwa na uzito pungufu, kupoa mwili ni tishio la uhai. Mama aliyefanyiwa upasuaji naye hutumia nguvu za misuli ya tumbo kila anapoinuka kutoka chini, wakati mshono ukiwa bado mbichi. Sakafu ya wodi ndiyo inayopitiwa na viatu vya kila aingiaye, na ndiyo inayopokea maji, damu na dawa zinazomwagika. Uwezekano wa maambukizi ni mkubwa, hata pale usafi unapofanyika mara kadhaa kwa siku.

Njia nyingine iliyozoeleka wodi zinapojaa ni ile ambayo Watanzania huiita kulala mzungu wa nne, yaani wazazi 2 katika kitanda kimoja, kila mmoja akielekeza kichwa upande wa miguu ya mwenzake. Njia hiyo huondoa watu sakafuni lakini haiondoi tatizo. Katika kitanda cha mtu mmoja hukaa watu 4, mama 2 na watoto 2, na maambukizi ya mmoja huwa karibu sana na jeraha la mwingine.

Mafanikio yaliyozaa msongamano

Ni rahisi kudhani kwamba wodi hujaa kwa sababu huduma zimezorota. Takwimu zinaonesha sehemu kubwa ya sababu iko kwingine. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto, mwaka 2010 nusu tu ya watoto, yaani asilimia 50, walizaliwa katika vituo vya kutolea huduma za afya. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulionesha kiwango hicho kimefikia asilimia 63, na ule wa mwaka 2022 ukaonesha asilimia 81. Ndani ya muda usiozidi miaka 12, kujifungulia kituoni kulitoka kuwa jambo la nusu ya wanawake na kuwa desturi ya wengi.

Uzito wa mabadiliko hayo huonekana vizuri yakigeuzwa kuwa idadi ya watu. Tanzania hupata watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Tofauti ya asilimia 63 na 81 ni pointi 18, na pointi 18 za milioni 2 ni uzazi 360,000 kwa mwaka. Ukigawanywa kwa siku 365, ni takriban uzazi 1,000 kwa siku. Maana yake ni kwamba kila usiku nchini, wanawake wapatao 1,000 ambao kwa viwango vya mwaka 2015 wangejifungulia nyumbani, sasa wamo katika zahanati, vituo vya afya na hospitali, na kila mmoja anahitaji mahali pa kulaza ubavu.

Ongezeko hilo lina vyanzo vyake. Sera ya Afya inatamka kwamba huduma za mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 zitolewe bila malipo katika vituo vya umma. Elimu ya uzazi salama imesambaa kupitia kliniki, redio na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Utafiti wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 65 ya wajawazito walihudhuria kliniki mara 4 au zaidi, ikilinganishwa na asilimia 51 mwaka 2015/16. Mwanamke aliyeelezwa dalili za hatari mara 4 si rahisi akubali kujifungulia chumbani kwa msaada wa jirani.

Hali kama hiyo imeshuhudiwa pia Kenya. Serikali ya nchi hiyo ilipofuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma mwezi Juni 2013, wanawake waliitikia kwa wingi, na msongamano katika hospitali kubwa za uzazi za Nairobi ukawa sehemu ya mjadala wa umma. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 82 ya uzazi ulifanyika vituoni. Fundisho la pande zote mbili za mpaka linafanana: tangazo la kuondoa malipo hufanya kazi ndani ya wiki chache, ilhali kujenga wodi, kufunga maji na kuajiri wakunga huchukua miaka.

Kwa Dar es Salaam, ongezeko la watu lilizidisha mzigo huo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 katika mkoa huo, na Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Katika miaka 10, mkoa uliongeza zaidi ya watu milioni 1, wengi wao wakiwa katika maeneo ya pembezoni ambako barabara na makazi vilitangulia huduma. Hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala, ambazo kwa hadhi ni hospitali za rufaa za mkoa, zilibeba kwa muda mrefu mzigo wa uzazi wa kawaida ambao kwa taratibu ulipaswa kuhudumiwa ngazi za chini.

Hesabu ya kitanda

Kitanda cha wodi ya wazazi hakihesabiwi kwa idadi yake tu bali pia kwa muda ambao kila mtu hukaa juu yake. Hapo ndipo mijadala mingi hupotea njia.

Ichukuliwe mfano wa hospitali inayozalisha akina mama 40 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aliyejifungua salama kwa njia ya kawaida abaki kituoni walau saa 24. Ikiwa wote 40 wamejifungua kwa njia ya kawaida na kila mmoja anakaa saa 24, hospitali inahitaji vitanda 40. Ikiwa 8 kati yao wamefanyiwa upasuaji na kila mmoja anakaa siku 3, hao 8 peke yao watahitaji vitanda 24, na waliobaki 32 watahitaji vitanda 32. Jumla inakuwa vitanda 56. Idadi ya wanaojifungua haikubadilika hata kwa mtu mmoja, lakini mahitaji yameongezeka kwa vitanda 16.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini hospitali za rufaa hujaa kwanza. Hupokea wagonjwa wanaohitaji upasuaji, wenye kifafa cha mimba, wenye upungufu wa damu na wenye watoto njiti. Hao hukaa muda mrefu. Wanapochanganyika na mamia ya wanawake wenye uzazi wa kawaida ambao wangeweza kuhudumiwa karibu na nyumbani, vitanda hukwisha.

Tena uchungu wa uzazi haufuati ratiba. Hospitali yenye wastani wa uzazi 40 kwa siku itakuwa na siku za 30 na siku za 52. Wodi iliyopangwa kwa kufuata wastani hutosha kwenye karatasi, lakini hujaa kupita kiasi usiku mmoja kati ya michache. Kiongozi akizuru mchana wa siku tulivu hukuta vitanda vitupu. Akizuru alfajiri ya siku yenye watu wengi hukuta mikeka. Yote mawili ni kweli, na hakuna hata moja linalotosha kuielewa wodi hiyo.

Kwa sababu hiyohiyo, agizo la kwamba asiwepo mgonjwa anayelala chini, likitolewa bila nyenzo, lina hatari yake. Mganga mfawidhi asiye na vitanda vya ziada ana njia 3 tu za kulitekeleza: kuwaweka wazazi mzungu wa nne, kuwaruhusu mapema kabla ya saa 24, au kuwaelekeza kituo kingine. Njia ya kwanza huongeza maambukizi. Ya pili hupunguza mahitaji ya vitanda kwa nusu endapo muda unashushwa hadi saa 12, na ripoti ya wodi hupendeza, lakini mama anayeanza kuvuja damu saa ya 15 atakuwa ndani ya bajaji au nyumbani kwake. Ya tatu pekee ndiyo yenye tija, kwa sharti moja: kituo hicho kingine kiwepo, kiwe na mkunga, dawa na taa.

Mzigo ulipohamishiwa ngazi za chini

Kwa kuzingatia ukweli huo, nguvu kubwa ya Serikali katika muongo uliofuata ilielekezwa chini ya hospitali kubwa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kwa jina la MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulikuwa umekwisha kuweka lengo la zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Kilichopungua kilikuwa kasi ya utekelezaji, na uwezo wa vituo vya afya kufanya upasuaji wa dharura wa kumtoa mtoto.

Akihutubia Bunge mwezi Juni 2020, Rais Magufuli alieleza kwamba katika kipindi cha miaka 5 vilijengwa vituo vya kutolea huduma za afya 1,769. Kati ya hivyo, zahanati zilikuwa 1,198, vituo vya afya 487, hospitali za wilaya 71, hospitali za mikoa 10 na hospitali za rufaa za kanda 3. Kwa suala la vitanda vya wazazi, idadi yenye uzito mkubwa ni ile ya vituo vya afya. Kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji, maabara, wodi ya wazazi na nyumba ya mtumishi ndicho kinachoweza kumzuia mwanamke mwenye uchungu pingamizi asisafiri kilomita 60 usiku kwenda hospitali ya wilaya, na pia kumpunguzia mwenzake aliyeko hospitali ulazima wa kumpisha kitanda.

Serikali ya Awamu ya Sita chini ya Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan iliendeleza mwelekeo huo. Mapato ya tozo ya miamala ya simu iliyoanza mwaka 2021, ambayo ilizua mjadala mkali miongoni mwa wananchi na baadaye kupunguzwa, yalielekezwa kwa sehemu katika ujenzi wa vituo vya afya kwenye tarafa zilizokuwa hazina kituo. Fedha za Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, kiasi cha Shilingi trilioni 1.3, zilitumika pia kujenga majengo ya wagonjwa wa dharura na ya wagonjwa mahututi katika hospitali za ngazi mbalimbali.

Hatua nyingine ilihusu usafiri. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kwa ajili ya kuenezwa nchi nzima mwezi Aprili 2022 baada ya kufanyiwa kazi kwanza katika maeneo ya Kanda ya Ziwa, unamwezesha mjamzito, mzazi au mtoto mchanga mwenye dharura kupata usafiri kwa kupiga namba 115 bila malipo. Mratibu hupokea simu, hutathmini dalili na kuamua ni kituo gani kinachofaa. Gari la wagonjwa lisipopatikana kwa wakati, dereva wa jamii aliyesajiliwa huitwa na kulipwa na mfumo. Manufaa yake kwa suala la vitanda hayaonekani mara moja, lakini ni makubwa. Mwanamke mwenye hakika kwamba atafikishwa hospitali iwapo mambo yatabadilika, hana sababu ya kwenda kukaa karibu na hospitali kubwa wiki 2 kabla kwa hofu ya kukosa usafiri.

Matokeo ya jumla yameonekana katika takwimu za vifo. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Makadirio ya aina hii hutokana na sampuli, hivyo namba moja moja husomwa kwa tahadhari, lakini mwelekeo wake unaeleweka. Februari 2025, Taasisi ya Gates ilimtunuku Rais Samia tuzo ya Goalkeepers kwa mchango wa Tanzania katika kupunguza vifo vya mama na mtoto. Hakuna anayeweza kudai kwamba mafanikio hayo yametokana na vitanda. Yametokana na mnyororo mzima, ambao kitanda ni pete mojawapo.

Pete zilizo dhaifu

Pamoja na hatua hizo, zipo sababu zinazoweza kurudisha mikeka wodini hata pale jengo linapokuwa jipya.

Ya kwanza ni watumishi. Zahanati yenye mkunga mmoja haiwezi kufanya kazi saa 24. Mwanamke anayejua kwamba akifika saa 8 usiku atakuta mlango umefungwa, atapita na kwenda hospitali, na hakuna tangazo litakalombadilisha mawazo. Kuruka ngazi za huduma, jambo ambalo hulaumiwa mara kwa mara kama ukaidi wa wananchi, kwa sehemu kubwa ni uamuzi wa busara wa mtu anayetafuta mahali penye uhakika. Ajira za kada ya afya zinazotangazwa kila mwaka wa fedha hupunguza pengo hilo, na mgawanyo wake kati ya mjini na vijijini una uzito sawa na idadi yake.

Ya pili ni godoro lenyewe. Kitanda cha chuma huweza kudumu miaka mingi kikipakwa rangi na kukazwa nati. Godoro la wodi ya wazazi lina maisha mafupi. Kava lake la plastiki lisilopitisha maji likichanika, sponji hufyonza damu na maji, haliwezi tena kutakaswa kwa dawa, na hulazimika kuondolewa. Kitanda kisicho na godoro huhesabiwa katika orodha ya mali za kituo lakini hakimlazi mtu. Taarifa nyingi za makabidhiano hutaja idadi ya vitanda. Chache hutaja bajeti ya kubadilisha magodoro na shuka katika miaka inayofuata. Godoro lipaswe kuhesabiwa pamoja na glavu na pamba, vitu vinavyotumika na kwisha, ambavyo lazima viagizwe upya.

Ya tatu ni damu na umeme. Kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji lakini kisicho na akiba ya damu au jenereta hakitampasua mtu aliye katika hatari, kitampa rufaa. Kila rufaa ya namna hiyo ni kitanda kinachojazwa hospitali ya wilaya na kitanda kinachobaki kitupu kwenye kata. Ndiyo maana ziara za kukagua miradi huwa na maana zaidi zinapouliza kituo kimefanya upasuaji mara ngapi mwezi uliopita, badala ya kuishia kuuliza jengo limekamilika kwa asilimia ngapi.

Ya nne ni wazazi wanaotoka mbali. Maeneo yenye vijiji vilivyotawanyika yana nyumba za kusubiria uzazi, ambako wajawazito wenye viashiria vya hatari hukaa karibu na hospitali wiki za mwisho. Nyumba hizo mara nyingi huwa nje ya hesabu ya vitanda rasmi, na zikijaa, wanaosubiri hulala chini wakiwa na mimba ya miezi 9.

Nafasi ya mwananchi

Mabadiliko ya mfumo wa fedha yamempa mwananchi nguvu ambayo wengi hawajaitumia. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za uendeshaji hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo badala ya kuishia makao makuu ya halmashauri. Kila zahanati na kituo cha afya kina Kamati ya Usimamizi wa Kituo yenye wawakilishi wa jamii, na kamati hiyo ndiyo inayojadili mpango na matumizi ya kituo. Vipaumbele vyake huingizwa katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Godoro lililochanika, taa ya wodi iliyoungua na shuka zilizopungua ni mambo ambayo kamati inaweza kuyashughulikia bila kusubiri ziara ya kiongozi wa kitaifa.

Kwa mjamzito na familia yake, yapo mambo yanayopunguza uwezekano wa kujikuta sakafuni. Kuanza kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12, humwezesha mtoa huduma kubaini kama mimba ni ya kawaida au yenye hatari, na kumwambia mama mahali panapomfaa kujifungulia. Aliyeelekezwa zahanati au kituo cha afya ana sababu ya kukiamini, na pia ana haki ya kuuliza kama kinafanya kazi usiku. Aliyeelekezwa hospitali aende hospitali, asijaribu bahati yake karibu. Namba 115 ihifadhiwe kwenye simu za watu zaidi ya mmoja nyumbani. Na mama aliyejifungua salama asikubali kuruhusiwa kabla ya saa 24 bila kupimwa na kuelezwa sababu, hata kama mgeni wa kitanda chake amesimama mlangoni.

Mama anayekuta wodi imejaa naye ana haki ya kulalamika kwa utaratibu: kwa muuguzi wa zamu, kwa mganga mfawidhi, kwa kamati ya kituo, kisha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Lalamiko lililoandikwa na kuwekewa tarehe husaidia zaidi ya picha inayosambazwa mitandaoni, kwa kuwa huonesha siku na saa ambayo wodi hujaa, na hiyo ndiyo taarifa inayohitajika katika kupanga zamu na vitanda.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itakapotekelezwa kikamilifu, kundi jipya la wananchi waliokuwa wakijizuia kwa kukosa fedha litabisha hodi katika milango ya vituo. Uzoefu wa huduma za uzazi umekwisha kuonesha kitakachotokea: watu wataitikia haraka kuliko majengo. Halmashauri zinazoandaa bajeti sasa zina nafasi ya kujipanga kabla, kwa kuhesabu si vitanda tu, bali wakunga wa usiku, chupa za damu na magodoro ya mwaka ujao.